Tundu Likikubali Si Ruhusa
*Hotuba kwa wapigaji gitaa wa makanisa na bendi, Kisumu. Imewekwa hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.*

Wazee wangu, dada zangu, wapigaji wa solo, wa ridhimu na wa besi, viongozi wa sifa, na nyinyi mafundi wenzangu mlioketi kule nyuma kana kwamba mmetumwa kunikagua: hamjambo? Sauti hiyo ni ya watu wa muziki kweli? Hamjambo? Haya, sasa mmeamka.

Nimeombwa nizungumze juu ya stima ya pedali, vile visanduku vya miguuni vya kubadilisha sauti ya gitaa. Si sauti ya pedali. Sauti mnaijua kunishinda, na sikuja kumfundisha mtu wa benga jinsi ya kupiga benga. Mimi ni mtu wa chini ya meza. Naona vitu vyenu vikishakufa. Na nawaambia wazi, pedali nyingi ninazoletewa hazikuuawa na mvua, wala hazikuuawa na kukanyagwa. Ziliuawa na mwenyewe, siku aliyoamua zigawane adapta.

Niwaulize. Nani hapa ana pedali zaidi ya moja? Inueni mikono. Nani anazilisha zote kwa adapta moja? Mikono ni ile ile. Sasa, nani amewahi kutazama kile kijipicha kilichochapwa mgongoni mwa adapta, chenye nukta katikati na upinde ukiizunguka, kinachoonyesha chanya iko wapi na hasi iko wapi?

Mikono imeenda wapi?

Wazee walioko hapa watakumbuka mtindo wa gitaa wa omutibo, enzi za George Mukabi. Gitaa kavu, vidole viwili, na mdundo unatoka kwenye chupa ya soda. Chupa haina chanya wala hasi. Ukiigonga upande huu inalia, upande ule inalia. Sisi tumeacha chupa tukachukua pedali, na pedali ina upande.

Nakuru kulikuwa na kiwanda cha betri za Eveready, kilifungwa mwaka 2014. Nani hakutumwa dukani kununua betri za redio za kiwanda kile? Na ulipozileta nyumbani, mtoto wa darasa la pili, ulizitumbukiza ovyo? Hapana. Ulitafuta alama ya kujumlisha, ukaangalia na ndani ya redio, ukazilinganisha. Mtoto wa darasa la pili alijua. Imekuwaje leo mtu mzima mwenye pedali ya maelfu ya shilingi anachomeka adapta gizani, nyuma ya madhabahu, kwa kupapasa?

Nitawaambia imekuwaje. Betri ilikuonyesha pande zake. Plagi ya adapta huzificha. Ile plagi ya duara ina sehemu mbili tu, tundu la katikati na ganda la nje. Moja imebeba chanya, nyingine imebeba hasi. Ipi imebeba ipi? Anayeamua ni aliyetengeneza kifaa, na watengenezaji hawakukubaliana. Pedali nyingi za gitaa, zikiwemo zile ndogo za rangi ambazo kampuni ya Boss ya Japani ilianza kuzitoa mwaka 1977, zinataka volti 9 za DC, yaani stima ya kwenda upande mmoja tu, hasi ikiwa katikati. Hasi katikati. Rudieni nami: hasi katikati. Asanteni.

Sasa twende nyumbani kwako. Ruta ya intaneti: kwa kawaida chanya katikati. King'amuzi cha televisheni: kwa kawaida chanya katikati. Kamera za ulinzi: kwa kawaida chanya katikati. Kinanda cha Yamaha cha mafunzo, kile kilichojaa makanisani kutoka hapa mpaka Busia: volti 12, chanya katikati. Casio usiniulize kabla hujanionyesha, maana adapta zao za zamani zilikuwa hasi katikati na nyingi za karibuni ni chanya katikati. Na nyingi ya plagi hizi zinaingia kwenye pedali yako bila kusumbua. Zinaingia! Ndilo tatizo lenyewe. Tundu likikubali si ruhusa.

Kuna kanisa moja, sitalitaja, na kuna kijana wa solo pale, ana mkono mzuri sana. Jumapili moja alisahau adapta yake nyumbani. Mpigaji kinanda naye siku hiyo hakuja, lakini adapta yake ilikuwa imelala pale sakafuni. Kijana akaiangalia, akaona plagi ni ile ile, akachomeka. Iliingia vizuri, tena ikabana kuliko yake mwenyewe. Taa ya pedali haikuwaka. Akadhani ni soketi ya ukutani. Akahamisha ekstensheni. Haikuwaka. Akaiacha imechomekwa, akapiga bila pedali, na maombi yakaendelea. Yalipofika katikati, dada mmoja wa kwaya akafungua macho akauliza, "Nani anapika?"

Jumatatu akaniletea. "Fundi, imekataa tu." Nikaifungua. Kwenye pedali nyingi kuna daiodi iliyolazwa kati ya chanya na hasi, mara nyingi ni 1N4001. Stima ikija upande wake sahihi, daiodi imelala tu. Ikija kinyume, inafunguka na kuimeza yote, ili isifike ndani. Lakini imetengenezwa kubeba ampea moja, na haikutengenezwa kubeba kwa muda wa ibada nzima. Ilikuwa imeungua na kuwa waya mtupu. Nilibadilisha daiodi hiyo, kitu cha shilingi chache, pedali ikaimba.

Msifurahi bado. Wiki hiyo hiyo nilikuwa na nyingine mezani, kosa ni lile lile, ila aliyeitengeneza hakuweka daiodi. Kapasita ilikuwa imefura kichwa na chipu imekufa, na chipu yenyewe ilikuwa imefutwa namba. Ile sikuirudisha. Je, wewe unajua kama yako ina daiodi? Utajuaje bila kuifungua?

Kabla sijaendelea, mafundi kule nyuma naona wananiuliza kwa macho: kwa nini pedali ziende kinyume na dunia? Ni ukaidi? Si ukaidi. Pedali za mwanzo ziliishi kwa betri, na ilitakiwa ukichomeka adapta, betri ijitoe yenyewe. Soketi ya adapta ina kiungo cha tatu, kiswichi kidogo, na kiswichi hicho hugusana na mguu wa nje, si na pini ya katikati. Hasi ya betri ilikuwa tayari ina kazi nyingine: inapitia kwenye jeki unayoingizia gitaa, ndiyo maana ukiacha waya wa gitaa umechomekwa usiku kucha asubuhi betri imekufa. Basi cha kukatwa na soketi ya adapta kikabaki chanya. Chanya ikaenda nje, hasi ikakaa katikati. Ni akili nzuri kabisa, imetuponza tu sisi wa siku za ruta.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa hata fundi huanguka. Mpaka sasa mnadhani nimemaliza: soma kijipicha, linganisha, chomeka. Kwa pedali moja, ndiyo, umemaliza. Kwa pedali zinazogawana adapta, bado.

Kuna mzee mmoja wa upande wa Kakamega, mpigaji wa rumba, mtu makini. Si mtu wa kupapasa gizani. Ndugu yake alimletea kutoka Uingereza pedali ya fuzi, ya kukwaruza sauti, iliyojengwa kwa mtindo wa zamani, transista za jemaniamu aina ya PNP, kama zilivyokuwa Fuzz Face za kwanza zilizotoka huko mwaka 1966. Sauti yake, jamani! Kwa betri iliimba. Kwa adapta yake peke yake iliimba. Pedali zake nyingine, korasi na dilei, nazo ziliimba kwa adapta yao. Akasoma vijipicha vyote: hasi katikati, hasi katikati, hasi katikati. Akanunua ule waya mmoja wenye midomo mingi, ili adapta moja ilishe wote.

Akachomeka midomo yote. Taa zote zikawaka. Akatabasamu. Akachukua kile kiwaya kifupi cha sauti cha kuunganisha fuzi na korasi. Alipokisukuma tu, taa zote zikazimika. Akakichomoa, taa zikarudi. Akasukuma tena, zikazimika. Akasema kiwaya kibovu. Akanunua kingine. Zikazimika. Akasema huu waya wa midomo mingi ni bandia. Akanunua mwingine. Zikazimika. Akaja kwangu akaniuliza kama kuna uwezekano wa pedali kuchukiana.

Nikamwambia, mzee, zinachukiana kweli.

Angalieni. Waya wa gitaa una nyaya mbili: ya ndani inabeba sauti, na ile iliyosukwa kuizunguka inaunganisha mwili wa pedali hii na mwili wa pedali ile. Miili yote ya pedali zako imeshikana kwa waya wa gitaa. Kwenye pedali nyingi, mwili umefungwa kwenye hasi. Kwenye ile fuzi ya PNP, mwili umefungwa kwenye chanya. Ikiwa peke yake, haidhuru kitu, haijui kwamba iko tofauti na wengine. Ila ukizilisha kwa adapta moja, chanya ya adapta imefika kwenye mwili wa fuzi, hasi ya adapta hiyo hiyo imefika kwenye mwili wa korasi, na wewe unakuja na kiwaya kifupi na kuiunganisha miili hiyo miwili. Umefanya nini? Umegusanisha chanya na hasi. Umepiga shoti adapta yako kwa mkono wako mwenyewe.

Mzee wetu alikuwa na bahati, adapta yake ilikuwa nzuri, ya kujizima ikihisi shoti. Ya bei rahisi ingeendelea kusukuma mpaka inuke.

Na kijipicha? Kijipicha hakikusema uongo. Plagi ilikuwa hasi katikati kama zingine. Kijipicha kinakuambia habari za plagi, hakikuambii mwili umefungwa wapi. Kuna mtu ataniambia, fundi, si kuna kile kiwaya cha kugeuza, kinachobadilisha chanya ikawa hasi? Kipo. Kina kazi yake: pedali ya kawaida ambayo aliyeitengeneza aliamua tu chanya iwe katikati, mwili wake ukiwa kwenye hasi kama zingine, hiyo kiwaya cha kugeuza kitaisaidia na itakaa na wenzake kwa amani. Ila kwa fuzi ya mzee hakisaidii. Kiwaya cha kugeuza hutibu plagi, hakitibu mwili.

Ufanyeje basi? Ipe betri yake. Au ipe adapta yake peke yake. Au nunua kisanduku cha stima chenye matundu yaliyotenganishwa, yaani kila tundu lina chanzo chake ndani, hakijuani na jirani. Hapo tena, macho! Kuna visanduku vizuri kwa sura, matundu manane, taa ya buluu, na ndani ni ule ule waya wa midomo mingi umevalishwa koti. Nimevifungua. Kukipima ni rahisi: kichomoe ukutani, weka mita ya kupimia stima kwenye ile alama ya kulia, gusa ganda la tundu la kwanza na ganda la tundu la pili. Mita ikilia, yameungana ndani, chochote kile alichokuambia muuzaji.

Na pedali yenyewe unaijuaje? Mita hiyo hiyo. Chomoa kila kitu, toa na betri. Ncha moja ya mita iguse chuma cha nje cha jeki ya gitaa. Ncha nyingine iguse pini ya katikati ya soketi ya stima, halafu mguu wa nje. Pedali ya kawaida ya hasi katikati italia ukigusa pini ya katikati. Kama kijipicha chake kinasema hasi katikati lakini inalia kwenye mguu wa nje, hiyo ni ndugu wa fuzi ya mzee. Itengee kiti.

Tupite haraka kwenye volti. Volti 9 ni volti 9. Zipo pedali zinazokubali mpaka 18, imeandikwa, na zipo zenye chipu ya kuzidisha volti, kama MAX1044, ambayo mwisho wake ni volti 10.5. Hiyo ukiipa 12 umeizika. Nasema hivi kwa sababu ya wenzetu wanaopiga matanga vijijini ambako hakuna stima, wanaofunga pedali moja kwa moja kwenye betri ya sola. Betri ile ikijaa ni zaidi ya 12 na nusu, na paneli ikiichaji jua la saa saba inapita 14. Pedali haikuombwa maoni.

Angalieni pia kama ni DC au AC. Line 6 DL4, dilei kubwa ya kijani iliyotoka 1999, inataka volti 9 za AC. Vifaa vya AC vina kijialama cha wimbi. Ukiona wimbi, kitenge na vingine vyote. AC haina cha hasi katikati, inageuka na kurudi mara 50 kila sekunde.

Na miliampea. Pedali ya kuvuruga sauti inakula kidogo mno, nyingi hata miliampea 20 hazifiki. Dilei ya dijitali inaweza kula mamia. Jumlisheni zote, adapta iwe na zaidi ya jumla. Harusi moja kule Ahero dilei ilikuwa inajizima na kuwaka upya kila mpigaji alipokanyaga pedali nyingine, na MC akatangaza kwamba Kenya Power wameanza. Hawakuwa wameanza. Ni hesabu ya kujumlisha.

Nimalizie na mita, maana naona baadhi yenu mnasema moyoni, mimi si fundi. Sikuombi uwe fundi. Mita ya bei ya chini kabisa inatosha, na bei yake haifiki ya seti nzuri ya nyuzi. Iweke kwenye DC, 20. Ncha nyekundu ndani ya tundu la plagi, nyeusi kwenye ganda la nje. Ukisoma 9 yenye alama ya kutoa mbele, hasi iko katikati, ndiyo ya pedali. Ukisoma 9 bila alama ya kutoa, ni chanya katikati, iache. Usiruhusu ncha mbili ziguse pamoja. Basi. Ni kazi fupi kuliko kutyuni waya mmoja.

Kwa nini upime ilhali kijipicha kipo? Kwa sababu ya soko la Kibuye. Mnazijua zile adapta za sokoni zenye kitufe cha kuchagua, volti 3, 4 na nusu, 6, 7 na nusu, 9, 12, na kichwa cha plagi unachoweza kukichomoa na kukigeuza? Nilikuwa nimesimama pale Jumapili, dada mmoja mpigaji besi ananunua. Akauliza, "Hii ni hasi katikati?" Muuzaji, kijana mchangamfu, akamjibu, "Dada, hii ni ya kila kitu!" Na kwa kweli hakudanganya. Ni ya kila kitu. Kichwa kikikaa hivi ni chanya, kikikaa vile ni hasi, na kitufe mtoto akikipitishia kidole umetoka 9 ukaenda 12. Dada yule akatoa mita kwenye mkoba wake wa gitaa, pale pale, akaomba soketi. Kichwa kilikuwa kimekaa chanya katikati. Na kitufe kikiwa kwenye 9, mita ilisoma 13.

Kumi na tatu! Kwa nini? Adapta za aina hiyo nyingi hazina kidhibiti cha volti ndani. Tisa iliyoandikwa ni pale inapobebeshwa mzigo wake kamili, na pedali ya miliampea chache si mzigo. Inabaki juu huko huko. Dada aliirudisha akamshukuru kijana, na kijana akaniuliza mimi ile mita inauzwa wapi.

Kuna mzee hapa mbele ameniandikia kikaratasi. Anauliza: pedali ikishachomekwa kinyume, nifanye nini kabla sijakuletea? Asante, mzee wangu. Chomoa mara moja. Usijaribu adapta nyingine "kuona kama itawaka", usijaribu na betri, na usimpe jirani ajaribu kwake. Kama daiodi imeshikana, kila chanzo utakachokijaribu unakipiga shoti. Andika kwenye karatasi uliichomeka kwa nini na kwa muda gani, utanipunguzia kazi na mimi nitakupunguzia bei. Halafu uje na vyote viwili, pedali na ile adapta. Wengi huniletea pedali peke yake. Naitengeneza, tunaijaribu hapa inaimba, analipa, anafika nyumbani, na anaichomeka kwenye adapta ile ile.